Dawa Iliyokufa Darini

Katika nyumba ya Asheri, sufuria mbili zilikwenda motoni kila asubuhi. Ya mkewe Dorkas ilikuwa ya uji. Ya Asheri ilikuwa ya sindano. Ole wake mtu atakayezichanganya!

Asheri alichemsha bomba la kioo na sindano yake mpaka maji yakatokota. Aliviacha vipoe. Kisha alimwita binti yake.

"Ernesta! Leo paja gani?"

"La kushoto, Baba. La kulia ulilichoma jana."

"Una kumbukumbu kama karani wa mahakama."

"Mchomaji husahau, Baba. Mchomwaji hasahau."

Ernesta alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa darasa la nne. Kwa miaka mitatu alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Bila sindano ya insulini kila siku, asingeishi.

Asheri aliujua ugonjwa huo kwa gharama kubwa. Kabla ya Ernesta kulikuwa na Gideoni, kaka yake. Gideoni alikunywa maji kama mchanga. Alikojoa, akakonda, akalala, hakuamka. Walimzika kule Mhezi, mlimani, bila kujua jina la kilichomuua. Watu walisema mengi. Watu hawakosi la kusema.

Ernesta alipoanza kunywa maji vile vile, Asheri hakungoja watu waseme. Alimpeleka hospitali, Same. Huko daktari alimwambia, "Kuna kiungo nyuma ya tumbo, kinaitwa kongosho. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza insulini. Kongosho la mtoto wako limeacha kazi hiyo. Utampa wewe, kwa sindano."

Muuguzi naye aliongeza, "Asile vitu vya sukari. Na dawa ikae mahali pa baridi."

Neno hilo la baridi Asheri hakulihangaikia. Mhezi baridi ni ya bure. Kikasha cha dawa kilikaa chini ya kitanda, na kila asubuhi kichupa kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Mwishoni mwa mwaka 1974 walishuka. Wito wa kuishi katika vijiji ulikuwa umetoka, nao wakapewa kiwanja katika kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Kihurio. Huko bondeni palikuwa na maji ya mfereji. Palikuwa na mpunga. Shule ilikuwa karibu. Joto nalo lilikuwapo, tena lilikuwa limetangulia kufika.

Asheri alishusha mabati yake kutoka mlimani, akaezeka nyumba mpya. Wiki ya kwanza tu, mchwa walikula mguu wa kitanda. Asheri akakitazama kikasha cha dawa.

"Wadudu hawa watakula na kikasha," alimwambia Dorkas. "Nakipeleka darini."

"Kwenye mbegu?"

"Kwenye mbegu. Kuna mahali pengine pa kuweka uhai wa mtu?"

Dorkas hakubisha. Kwao Upareni mbegu ya mahindi haikai chini. Hukaa darini, juu ya jiko, mahali penye moshi, mbali na wadudu na mikono ya watoto. Baba yake Asheri alikuwa akisema, "Kitu cha kesho hukaa juu." Basi dawa ya Ernesta ikakaa juu, katikati ya moto wa jiko na bati la jua. Asheri akashuka ngazi akiwa ameridhika kabisa.

Januari ikaingia. Bati likawa halishikiki.

Ernesta alianza kukonda. Kwanza shingo, halafu mikono. Alikunywa maji kikombe juu ya kikombe. Alipokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi walikuja kwa mstari kana kwamba wameitwa mkutanoni. Sindano alichomwa kila siku. Hakukosa hata moja.

Asheri alishika kichwa. Dawa ipo, sindano ipo. Kama dawa haina kosa, basi mwenye kosa ni nani?

Mchana mmoja alirudi kutoka shamba la kijiji. Ernesta alikuwa ameketi kando ya mtungi wa maji. Asheri aliinama kumtazama macho. Hapo akasikia harufu. Ilikuwa harufu tamu, ya matunda yaliyoiva mno, nayo ilitoka kinywani mwa mtoto.

Moyo wake ulibadilika pale pale.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu, Baba."

"Nimekuuliza, umekula nini?"

"Ugali wa mchana. Nao niliuacha."

"Kinywa chako kinanuka matunda!" Asheri alinyoosha kidole nje, kwenye mpapai wa jirani yao, Sefu. "Umekula papai la watu. Ndiyo sababu unakonda! Mimi nakuchoma dawa, wewe unaiba utamu!"

"Sikula, Baba. Naapa."

"Hata mwizi huapa."

Dorkas alitoka jikoni. "Baba Ernesta, mtoto hajawahi kutudanganya."

"Basi ameanza leo!"

Alikata fimbo, akamchapa mara mbili. Mara ya tatu mkono ulikataa, maana mguu ule ulikuwa mwembamba kama fimbo yenyewe. Ernesta hakulia. Alimtazama tu. Hilo lilimkasirisha Asheri zaidi.

"Kuanzia leo hutoki nje," alisema. "Na maji haya yanatosha. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Maji ndiyo yanakukojoza hivi."

Alifikiri anamwokoa. Hakuna kosa baya kama lile linalofanywa na mtu anayependa.

Siku ya pili Ernesta alianza kutapika. Siku ya tatu, asubuhi, hakuweza kukaa. Alipumua kwa nguvu, haraka na kwa kina, kama mtu anayepanda mlima. Lakini alikuwa amelala chali kwenye mkeka. Midomo ilikuwa imekauka, imepasuka.

"Maji," alisema.

Asheri alisimama mlangoni na kikombe mkononi. Hakujua ampe au amnyime.

Dorkas hakungoja. Alikimbia kwa Sefu.

Sefu alikuwa mtu wa Kigoma. Alikuja zamani kukata mkonge. Baadaye alipata kazi katika hospitali ya shamba la mkonge, akipima mikojo na damu kwa miaka kumi na minane. Alipoacha kazi alihamia kijijini na mkewe Zaituni. Watu walimwita Bwana Mkojo. Naye hakuchukia. Alikuwa akiwajibu, "Nicheke tu. Siku moja utaniletea wa kwako."

Sefu alifika na kimfuko chake. Alimwinamia Ernesta, akanusa pumzi yake. Uso wa mzaha ulimtoka.

"Mpe maji," alimwambia Asheri. "Kidogo kidogo. Mpe sasa!"

Asheri akampa.

Sefu alitoa mrija wa kioo na chupa ya dawa ya buluu. Aliomba mkojo wa mtoto. Alitia matone machache katika ile dawa, akashika mrija kwa kibanio, akauchemsha juu ya moto wa jiko. Wote walitazama. Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa manjano. Haikusimama hapo. Ikawa nyekundu ya tofali.

"Ikibaki buluu, mkojo hauna sukari," alisema Sefu. "Kijani ni kidogo. Tofali ndiyo mwisho, hakuna rangi nyingine mbele yake. Leo amechomwa dawa?"

"Amechomwa alfajiri. Hajakosa hata siku moja."

"Basi mmemchoma maji tu. Dawa yenu imekufa. Iko wapi?"

Asheri alipanda ngazi. Alipokishika kikasha, mbao zilikuwa za moto. Kichupa chenyewe kilikuwa na joto kama yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku. Alikuwa amekishika hivyo kila siku, na kila siku mkono ulimwambia, lakini hakuuliza. Sefu alikiinua kwenye mwanga. Vipande vyeupe vilikuwa vimeganda ndani ya kioo.

"Darini," alisema Sefu polepole. "Juu ya jiko. Chini ya bati."

"Ndiko tunakoweka mbegu," alisema Asheri.

Sefu alifungua kinywa amtanie, akakifunga.

"Lori la mpunga halijaondoka," alisema. "Mbebe."

Walimlaza Ernesta juu ya magunia, na Sefu akapanda nao. Safari ya Same ilikuwa ndefu, na barabara ilikuwa mbovu. Dorkas alimlowesha mtoto midomo kwa kitambaa. Asheri alimkinga jua kwa koti lake. Njia nzima harufu ile tamu ilimjia usoni. Njia nzima mtoto hakumjibu.

Hospitalini walimchukua mbio. Walimtundikia chupa ya maji ya mshipani. Walimpa insulini mpya. Daktari hakuwaficha.

"Amechelewa," alisema. "Tutafanya tunaloweza. Ombeni Mungu."

Waliomba. Ernesta hakufumbua macho siku hiyo. Siku ya pili pia hakufumbua. Dorkas alikaa ndani, kando ya kitanda. Asheri alikaa barazani, sakafuni, kwa sababu hakujiona anastahili benchi.

Sefu aliketi karibu naye. Zaituni alikuwa amemfungia mayai ya kuchemsha kwa ajili ya safari. Sefu alimenya moja, akamwekea Asheri mkononi.

"Sitaki kula."

"Sikukupa ule. Nimekupa ulirudishe liwe bichi."

Asheri alimtazama. "Haiwezekani."

"Kwa nini? Ni lile lile. Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichopunguzwa."

"Limeiva. Moto umelibadilisha."

"Basi umeijua insulini," alisema Sefu. "Sikiliza, ndugu yangu. Kila kitu kimejengwa kwa vijipande vidogo ajabu. Wataalamu huviita molekuli. Hata hadubini niliyokuwa nikiitumia kazini haivioni. Molekuli ya maji ni ndogo sana. Ya insulini ni kubwa zaidi, imefanana na mkufu. Daktari wangu wa zamani aliniambia wataalamu walikaa miaka mingi wakizisoma pingili zake, moja baada ya moja. Ziko hamsini na moja."

"Hamsini na moja," alirudia Asheri, kama mtu anayesomewa hukumu.

"Mkufu huo umekunjwa kwa namna yake. Kazi yake yote iko katika mkunjo huo. Mwili wako una chembe hai nyingi, na kila moja ina mlango. Insulini hufika mlangoni. Mlango huitambua kwa umbo lake. Sukari ya kwenye damu hupata njia ya kuingia, ikawa nguvu. Sasa wewe umeiweka juu ya jiko. Joto limeukunjua mkufu na kuugandisha, kama ute wa yai. Pingili zipo, umbo halipo. Inabisha hodi, mlango hauitambui."

"Lakini mbegu hukaa pale pale miezi sita, na huota."

"Mbegu ni kavu. Ina ganda lake. Moshi ni rafiki yake. Dawa hii ilitolewa kwenye kongosho la ng'ombe, ikasafishwa, ikatiwa majini. Haina ganda. Wataalamu wanatafuta njia ya kuitengeneza bila kuchinja mnyama. Labda wataipata. Lakini hata hiyo, ukiipeleka darini utaiua."

Asheri aliuliza swali ambalo alikuwa akiliogopa tangu kwenye lori.

"Na ile harufu?"

"Harufu ya matunda?"

"Ndiyo."

"Sukari ikikosa kuingia kwenye chembe, mwili unabaki na njaa ingawa damu imejaa utamu. Unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Mchomo ule hutoa sumu, na harufu yake hutoka kwa pumzi. Hunukia kama matunda mabivu."

"Hakula papai."

"Mapapai yangu wameyala popo, Asheri. Yote." Sefu alitikisa kichwa. "Ninyi Wapare mnapenda kesi, lakini hii ulizidisha. Ulikuwa mshtaki, ukawa shahidi, ukawa hakimu, ukawa hata askari jela."

Siku nyingine Asheri angecheka. Hiyo kesi ya Wapare ilikuwa utani wao wa kila wiki.

"Mtoto alikuwa anaungua ndani," alisema, "nami nikamnyima maji."

Yai lilikuwa limepondeka mkononi mwake.

"Gideoni naye alinukia hivyo," alisema. "Siku ya mwisho. Mama yake alisema ananukia kama ndizi za Krismasi. Tulidhani ni malaika."

Sefu alimshika bega.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Dorkas alitoka mlangoni.

"Amefumbua macho," alisema. Halafu akaketi chini hapo hapo.

Asheri aliingia. Ernesta alikuwa mdogo kitandani, mdogo kuliko alivyokuwa miaka mitatu iliyopita. Midomo yake ilitikisika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Ernesta, hukula papai."

"Sikula."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Juzi. Sefu amenieleza."

"Mimi nilikuambia kwanza," alisema, akageuza uso ukutani.

Asheri alisimama pale. Baba wa Kipare haombi radhi kwa mtoto, hivyo alilelewa. Alipiga magoti kando ya kitanda, mbele ya wagonjwa wote na ndugu zao.

"Nisamehe," alisema.

Ernesta hakugeuka. "Nimechoka, Baba," alijibu. Asheri akalipokea jibu hilo, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Walikaa hospitali siku kumi na moja. Walirudi na vichupa vipya, vimefungwa katika kitambaa kibichi, ndani ya kikapu, chini ya kivuli cha mwavuli wa Dorkas.

Sefu, aliyekuwa ametangulia kurudi, alikuwa anawasubiri na vyungu viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo.

"Weka mchanga ndani ya kile kikubwa, chini kabisa," alimwelekeza Asheri. "Tia kile kidogo ndani yake. Jaza mchanga katikati yao. Sasa mwagia maji mchanga mpaka ulowe. Dawa itie katika kopo lenye kifuniko, lisiingie maji, kisha liweke ndani ya chungu kidogo. Funika kwa kitambaa kibichi."

"Halafu?"

"Halafu kiweke hapo penye kivuli na upepo. Maji yakikauka huondoka na joto. Mwagia asubuhi na jioni. Hapa kwetu hewa ni kavu, kitapoa vizuri."

"Na mchwa?"

"Kiweke juu ya mawe matatu! Mpare mzima anaogopa mchwa kuliko kaburi."

Dorkas alikohoa. Sefu akainama. "Samahani, Mama Ernesta. Ulimi wangu hauna breki."

Baada ya saa mbili Asheri aliingiza mkono katika chungu. Ndani kulikuwa na baridi. Aliuacha mkono humo kwa muda, kama mtu aliyerudi nyumbani.

"Mengine ni haya," alisema Sefu. "Bomba lipoe kabisa kabla ya kuvuta dawa. Ukiona vipande vimeganda, usichome. Ukikosa kuviona, usiamini macho peke yake, pima mkojo kila siku. Mwenye kisukari asinyimwe maji kamwe. Akitapika, akapumua kama anapanda mlima, akanukia matunda, usitafute fimbo. Tafuta lori."

Asheri alirudia maneno yote, moja moja, mpaka Sefu akaridhika.

Kazi ya kupima ilichukuliwa na Ernesta mwenyewe. Sefu alimfundisha, akamwachia mrija na chupa ya buluu. Rangi ya wiki ya kwanza ilikuwa manjano. Wiki ya tatu ikawa kijani. Mashavu yalirudi. Mwezi Aprili alirudi shuleni, na mwalimu akamketisha mbele.

Lakini na baba yake hakuongea kama zamani. Alimwamkia na kumwitikia. Alimwambia paja gani. Yale maneno ya kuchokozana yalikwisha. Asheri hakulalamika. Alimwagia chungu maji asubuhi na jioni, hakukosa, hata siku aliyoumwa malaria.

Asubuhi moja ya mwezi Juni alikuwa ameketi uani akipoza bomba. Ernesta alikuwa jikoni, akichemsha mrija wake.

"Rangi gani?" aliuliza Asheri.

"Buluu, Baba."

"Vizuri. Naandika buluu." Alichukua penseli na daftari.

"Hutaki kuja kuangalia?"

"Umesema buluu. Inatosha."

Ernesta alitokea mlangoni, mrija juu, mbele ya jua, ili baba yake auone vizuri.

"Ni kijani, Baba," alisema. "Nilikuwa nakupima wewe."